Ufizi Uliopandikizwa na Miaka Iliyofuata

Mtu akisikia kwamba nimewahi kupandikizwa fizi, yaani kushonewa kipande cha kaakaa pale ufizi ulipopungua, swali la kwanza huwa ni kama iliuma. Iliuma, nami nitaeleza ilivyouma. Lakini maumivu yenyewe yalikwisha kitambo, na hayo siyo yanayostahili kumnyima mtu usingizi. Anayefikiria upasuaji huu anapaswa kuuliza ule ufizi ulivyo baada ya miaka mitano, minane, kumi. Je, umeshika? Umerudi nyuma tena? Rangi yake je? Jino bado linakufa ganzi ukinywa maji ya asubuhi? Mwaka 2013 sikupata mtu wa kunijibu hayo, kwa sababu karibu kila niliyemjua aliyekuwa na shida ya meno aliimaliza kwa kung'oa. Tangu hapo nimepasuliwa mara mbili, kwa njia mbili tofauti, mara ya kwanza mwaka huo na mara ya pili 2018. Kwa hiyo ninaweza kusimulia zote mbili, na kusema ipi imenitendea nini.

Ukikulia Nakuru unaijua habari ya meno ya kahawia. Maji yetu mengi ni ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na maji hayo huja na madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna visima vinavyopita hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya, meno hayo yanatoka na madoa, kuanzia meupe ya chokaa hadi kahawia iliyokolea. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilikuja kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floraidi, lakini sisi wa rika langu tulikuwa tumeshakunywa. Doa la namna hiyo liko ndani ya jino lenyewe, halisuguliki. Sasa mwambie hivyo msichana wa darasa la saba anayeziba kinywa kwa kiganja kila akicheka. Haambiliki. Atasugua kwa mswaki mgumu, kwa chumvi, kwa majivu, kwa mkaa uliosagwa, asubuhi na jioni, na doa halitoki ng'o. Kinachotoka ni ufizi.

Kusugua hakukuwa sababu ya pekee, na ningependa hili lieleweke maana wagonjwa wengi hulaumiwa bure. Daktari aliyenipasua mara ya kwanza alinionyesha kwenye kioo mambo mawili mengine niliyozaliwa nayo. Fizi zangu ni nyembamba, hata ile kalamu yao ya kupimia ikiingizwa pembeni mwa jino unaiona rangi yake kwa nje. Halafu ile kamba ndogo inayounganisha mdomo wa chini na ufizi, kwangu imeshika juu mno, karibu na meno. Kila nikiongea, na mimi ni mwalimu, naongea kutwa, kamba hiyo ilikuwa inauvuta ufizi kuteremka. Wengine fizi zao hurudi nyuma kwa sababu ya ukoga uliokaa miaka chini ya ufizi, wengine kwa tumbaku, wengine baada ya kufungwa nyaya za kunyoosha meno zilizoyasukuma nje ya mfupa. Mara nyingi ni sababu mbili tatu zimekutana.

Mimi nilianza kuona jino moja la mbele, chini, limerefuka. Halikuwa limerefuka, mzizi ulikuwa umebaki wazi. Mzizi hauna ile ngozi ngumu inayolifunika jino juu, ndiyo maana baridi huupenya. Julai ya Nakuru, upepo wa asubuhi ukiteremka kutoka Menengai, nilikuwa nafundisha nimefumba mdomo nusu. Nilipopimwa, ufizi ulikuwa umeshuka milimita nne kwenye jino hilo na tatu kwenye jirani yake.

Daktari bingwa wa fizi wakati huo nilimpata Kisumu, alikuwa akija huko kwa zamu. Nikaona vema, kwa kuwa dada yangu ameolewa Kisumu na likizo ya Agosti ilikuwa imekaribia. Mwalimu yeyote anayesoma hapa azingatie: panga upasuaji huu likizo inapoanza, si katikati ya muhula. Kuongea ni kazi ya mdomo wa chini, na mdomo wa chini ndio unaotakiwa utulie.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa ule wa kukata kipande cha ngozi ya juu kutoka kwenye kaakaa na kukishona mahali ufizi ulipopungua. Unapigwa ganzi, hulali. Unasikia kuvutwa na kukwanguliwa, unasikia nyuzi zikipita, lakini huumii. Sindano ya ganzi ya kaakaani ndiyo mbaya kuliko yote. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Kipande chenyewe ni chembamba, unene wa milimita moja hivi au zaidi kidogo, na siku mbili tatu za mwanzo hakina damu yake. Kinaishi kwa majimaji yanayopanda kutoka kwenye kidonda kilicho chini yake mpaka mishipa midogo ya damu iunganike. Kikichezacheza katika siku hizo, mishipa hiyo haiungani, na kipande kinakufa. Nilipoambiwa hivyo ndipo masharti yote yakaingia akilini: kutotumia mrija, kutotema kwa nguvu, kutopiga mswaki eneo lile, kutosukutua siku ya kwanza. Na lile moja ambalo daktari alilirudia hadi mlangoni.

"Mwalimu, usivute mdomo kujiangalia. Kila ukiuvuta, unakivuta na kipande."

Hilo ndilo gumu. Unatamani kuona. Nami siku nyuzi zilipokuwa zinakaguliwa kwa mara ya kwanza, kioo kikashikwa mbele yangu, nilichoona kilinitisha. Kile kipande kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kama ngozi ya vidole ukishinda unafua. Kando yake utando ulikuwa unabanduka. Nikajua kimeoza. Daktari akakibonyeza kwa ncha ya pamba, kikabaki palepale, akasema ngozi ya juu hubanduka na mpya huota chini yake, kwa hiyo nisikihukumu kwa macho. Wiki iliyofuata kilikuwa chekundu kama damu ya mzee, na iliyofuata tena kilikuwa cha waridi. Kama unasoma haya ukiwa katika hatua ile ya weupe, ni hatua inayopitwa na karibu kila mtu. Kinachopaswa kukurudisha kwa daktari haraka ni kipande kinachotikisika, harufu ya usaha, homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua.

Kidonda cha kaakaa ndicho kilichouma kweli. Fizi ya mbele nilikuwa naisahau; kaakaa huwezi kulisahau, maana ulimi uko hapo kutwa kucha. Usiku mmoja kilitoka damu, nikaamka mto umelowa. Dada yangu alichemsha maji, akalowesha kifuko cha majani ya chai, akakikamua, nikakikandamiza kaakaani kwa kidole gumba bila kukiachilia, kama dakika ishirini. Chai ina kitu kinachokaza mishipa ya damu, na kukandamiza ndiko hasa kunakofanya kazi. Kosa la wengi ni kuchungulia kila dakika kama damu imeacha. Ilikoma. Kwa dawa nilitumia zile za maumivu alizoandika daktari, naye akanikataza kabisa aspirini kwa sababu hufanya damu isigande upesi. Kidonda hicho huchukua wiki mbili hadi nne kufunga.

Na chakula: nilikuwa Kisumu, nyumba inanukia samaki wa kukaanga, nami nina uji. Uji wa wimbi uliopoa, maziwa lala, parachichi, viazi vya kuponda, mayai laini, ndizi za kupikwa, na baadaye ugali mlaini uliochovywa kwenye mchuzi. Mfupa wa samaki ni adui, pilipili ni adui, na chochote chenye moto huyeyusha damu iliyoganda. Mahindi choma na miwa nilikaa navyo mbali kwa miezi.

Mama mkwe wa dada yangu, mzee wa Kijaluo wa zama zile, ndiye aliyekuwa akiniletea uji. Meno yake sita ya chini hayakuwepo. Yalitolewa akiwa msichana, desturi waliyoiita nak. Wapo wanaosema pengo lile lilisaidia kumlisha uji mtu aliyebanwa taya na pepopunda, lakini yeye alisema tu kwamba ndivyo ulivyokuwa ukitambulikana ni mtu wao. Siku moja alinikalisha kwenye mwanga wa mlango, akaniomba nimwonyeshe. Nikamwambia, "Mama, daktari amenikataza kuvuta mdomo." Akacheka.

"Mwanangu, hayo meno ndiyo sisi tuliyotolewa. Kwa chuma, bila ganzi, na kulia hukuruhusiwa. Sasa wewe umelipa pesa ili yasitoke."

Hakuwa ananibeza. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama angezaliwa sasa, fizi zake zingetibiwa hivyo. Nikasema zingetibiwa. Akaenda kuniongezea uji. Nimeyakumbuka mazungumzo hayo mara nyingi, kwa sababu watu wengi wa magharibi mwa Kenya wamekua wakiona meno ya chini ya mbele kuwa ni meno ya kupita, yakienda yameenda. Ndiyo hayo hayo ambayo fizi zake hurudi nyuma mapema kuliko mengine, na ndiyo hayo watu huyapuuza.

Sasa nije kwenye miaka.

Jambo ambalo sikuambiwa kabla ya upasuaji wa kwanza, na nililopaswa kuambiwa, ni rangi. Fizi zangu ni nyeusi, kama za wengi wetu. Kaakaa ni la waridi. Kipande cha ngozi ya kaakaa hubeba rangi yake kwenda nacho. Kwa hiyo kilipopona nikawa na alama ya waridi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo katikati ya ufizi mweusi. Kwa mtu mwenye fizi za waridi tofauti hiyo ni ndogo. Kwetu inaonekana hata ng'ambo ya meza mdomo wa chini ukishuka. Wanafunzi wangu waliiona. Mmoja akaniuliza kwa upole kama niliungua. Haikunisumbua kwa sababu mahali penyewe pamejificha, lakini ingekuwa kwenye meno ya juu ya mbele ningehuzunika sana, na najua watu ambao wangehuzunika kwa hayo hayo ya chini. Kadiri miaka ilivyokwenda, weusi umeingia kutoka kingoni kwa vitone vidogo. Leo katikati bado pana waridi. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi: ngozi utaitoa wapi, ya juu au ya ndani, na itakuwa rangi gani kwenye fizi kama zangu? Ukiona anashangaa swali, lirudie.

La pili ni kwamba kipande husinyaa. Kwa njia hii ya kwanza hupoteza robo ya ukubwa wake au hata zaidi katika miezi ya mwanzo. Nilipoona kinapungua nilidhani kinarudi nyuma. Hapana, ndivyo kilivyo, na daktari hukata kikubwa kwa kulijua hilo. Halafu likatokea la kufurahisha. Baada ya kusinyaa, ufizi ule ukaanza kupanda wenyewe juu ya mzizi, taratibu mno. Madaktari wanalijua, ufizi mnene ulioshika vizuri unaweza kutambaa hivyo kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Jino langu lililokuwa wazi milimita nne lilipimwa moja na nusu baada ya kupona, na miaka miwili baadaye halikufika moja. Sikufanya lolote la ziada. Ningelihukumu kwa mwezi wa tatu, ningesema upasuaji ulifanya nusu ya kazi.

Nilipata mimba mwaka 2015. Wajawazito wengi fizi zao huvimba na kutoka damu kwa sababu ya homoni, na zangu zilivimba, pamoja na ile iliyopandikizwa. Nilikuwa na hofu kubwa. Nilisafishwa meno, nikaendelea na mswaki laini hata damu ikitoka, na baada ya kujifungua uvimbe ukaondoka wote. Kipande hakikusogea.

Kaakaani kimebaki kijishimo kidogo upande wa kushoto. Miezi ya kwanza palikuwa na ganzi, chai ya moto nilikuwa siisikii hapo. Siku hizi nasikia kila kitu.

Upasuaji wa pili, 2018, ulifanyika hapa Nakuru, na ulikuwa wa chonge la juu. Safari hii daktari, mama mmoja mpole sana, alitumia njia nyingine: anafungua kaakaa, anachukua nyama iliyo chini ya ngozi, kisha anairudishia na kuishona ile ngozi ya juu. Kile alichokichukua anakipenyeza chini ya ufizi wangu mwenyewe na kuuvuta ufizi huo kuufunika mzizi. Njia hii ilielezwa na madaktari wa fizi Langer na Langer mwaka 1985, na mpaka sasa njia mpya zikija hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Tofauti niliiona tangu usiku wa kwanza. Kaakaa lilikuwa limefungwa, kwa hiyo halikuwa kidonda wazi, na maumivu yakawa madogo. Na rangi ni yangu, maana kinachoonekana juu ni ufizi wangu uleule. Mzizi ulifunikwa wote. Nimeshaonyesha watu chonge hilo nikawaambia watafute jino lililopasuliwa, hawalioni.

Basi mtu atauliza kwa nini nisingefanyiwa hiyo ya pili mara zote mbili. Kwa sababu haja zilikuwa tofauti. Chini ufizi mgumu ulikuwa umekwisha kabisa, umebaki ule mlaini unaocheza na mdomo, na kamba ilikuwa inauvuta. Palihitajika ufizi mnene, mgumu, wa kusimamisha kile kilichokuwa kinaendelea. Kufunika mzizi ilikuwa ziada. Juu ufizi ulikuwepo, ulihitaji kufunika mzizi tu. Ile ya chini ni mbaya kwa sura na ndiyo iliyookoa jino, na ningeulizwa leo ningeifanya tena.

Kuna njia ya tatu ambayo kaakaa haliguswi. Hutumika kitu kilichotayarishwa viwandani badala ya nyama yako. Kingine hutoka kwenye ngozi ya binadamu aliyefariki, kingine ni kolajeni, protini inayojenga ngozi, iliyotoka kwa nguruwe. Katika mji wenye Waislamu wa mtaa wa Bondeni na Waadventista wengi kama wetu, na Kisumu pia, hilo ni jambo la kusemwa mapema kabla mtu hajalala kwenye kiti. Daktari mwema hatakasirika ukimuuliza asili yake. Jirani yangu aliuliza, akachagua kaakaa lake mwenyewe, akarudi nyumbani na amani.

Kuna wawili wengine ambao siwezi kuwaacha. Wa kwanza ni dereva wa matatu wa kutoka Kakamega tuliyekuwa tukikutana kwenye benchi la kusubiri kule Kisumu. Alikatazwa sigara wiki mbili kabla na wiki kadhaa baada. Siku ya tatu alivuta. Moshi hubana mishipa midogo, na hiyo ndiyo mishipa inayosubiriwa iungane. Sehemu kubwa ya kipande chake ikafa. Simlaumu, kazi ile ya usiku na barabara ile ya Kisumu ni ngumu, lakini ukweli ni kwamba kama tumbaku haiachiki, ni heri kuiacha kwanza ndipo upasuliwe.

Wa pili ni mama anayeuza nguo soko la Kibuye, Kisumu. Yeye alikuwa amepoteza mfupa katikati ya meno kutokana na ugonjwa wa fizi wa muda mrefu. Kuna kliniki ilimwahidi mzizi utafunikwa wote, akalipa, haukufunikwa, akaja akilia kwamba ameharibiwa. Daktari wangu alimweleza pale pale, kwa upole, lile ambalo kliniki ile ilipaswa kumwambia. Daktari P. D. Miller aliyapanga mapengo ya fizi katika madaraja manne mwaka 1985, na msingi wake ni mfupa na ufizi wa katikati ya jino na jino. Ukiwepo, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukishapungua, unategemea kufunikwa kiasi. Ukiisha, usiahidiwe. Mama yule hakuwa ameharibiwa. Ufizi wake ulikuwa umenenepa na jino limetulia. Alikuwa ameuziwa matumaini yasiyo ya jino lake. Hadi leo hilo hunikera kuliko uchungu wowote wa kaakaa.

Pesa. Ni makumi ya maelfu ya shilingi, na mimi ya kwanza niliilipa kwa mkopo wa sacco. Ya pili bima yangu ilikataa mara ya kwanza kwa maelezo kwamba ni urembo. Daktari akaandika barua yenye vipimo vya miaka iliyotangulia, picha, na maelezo kwamba mzizi ulio wazi huoza upesi. Wakakubali sehemu. Ndiyo sababu nasema kila ukipimwa fizi, omba namba ziandikwe na uwe na nakala yake. Namba za zamani ndizo zinazoonyesha ufizi unasogea au umesimama, na bila hizo hata daktari anakisia.

Mambo ya kila siku ni machache lakini hayana likizo. Mswaki laini, nywele zake zielekee ufizini kwa mshazari, mwendo mfupi wa kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino, mkono mwepesi. Dawa za meno za kung'arisha nimeziacha, zina chembe za kukwangua. Zile wiki za baada ya upasuaji nilisukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, nayo huacha rangi ya kahawia juu ya meno. Sisi wa Nakuru tukiona kahawia inaongezeka tunapagawa, tunarudi kwenye mkaa. Hiyo ya klorheksidini iko juu tu, husafishwa kliniki ikaisha. Usiisugue.

Na ufizi uliopandikizwa haujapewa kinga. Mwaka 2020, korona ilipofanya matibabu ya meno yasiyo ya dharura yaahirishwe, nilikaa muda mrefu bila kusafishwa, na ukoga ukajaa nyuma ya meno ya chini. Chonge la juu, lile zuri, ndilo lililoanza kutoa damu. Lilipimwa, likasafishwa, likatulia ndani ya wiki chache, na mzizi haukufunuka. Tangu hapo sipitishi miezi sita.

Darasani kwangu bado wapo wasichana wanaoziba vinywa. Nimewaambia wazazi wao kwenye mkutano kwamba madoa yale daktari wa meno anaweza kuyafifisha au kuyafunika, na kwamba mkaa na chumvi havitayagusa. Mzazi mmoja alinifuata baadaye akanionyesha jino la mwanawe lililoanza kurefuka, mtoto wa miaka kumi na miwili. Nilimpeleka mwenyewe. Walimpa mswaki laini na wanampima. Bado hajahitaji kisu.

Mimi pia nina jino la tatu, gego dogo la chini kulia, ambalo ufizi wake umeshuka milimita mbili. Daktari aliniambia naweza kupandikizwa nikitaka. Tuliziangalia namba za nyuma pamoja: mbili mwaka 2019, mbili 2022, mbili sasa. Halinifi ganzi, ufizi wake mgumu upo wa kutosha, na naweza kulisafisha vizuri. Tumekubaliana tulipime tena Desemba shule zikifungwa, na kama halijasogea, haliguswi.